Deni la Nani, Pikipiki ya Nani? Uchambuzi wa kisa cha mama lishe na mumewe wa bodaboda

Kisa hiki kilitokea pembeni ya jiji la Dodoma, kwenye mtaa uliokuwa ukijengwa kwa kasi baada ya Serikali kuanza kuhamia huko mwaka 2016. Majina yameondolewa, na alama zinazoweza kumtambulisha mtu zimebadilishwa. Kiasi cha fedha kimeachwa kilivyokuwa kwenye daftari la biashara na la kikundi, ila vingine vimekadiriwa kwenye mia iliyo karibu. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya maafisa maendeleo ya jamii, viongozi wa vikoba na wakufunzi wa wajasiriamali wadogo, ambao kila mwaka hukutana na swali lile lile: mbona mkopo wa mwanamke hauonekani kwenye biashara yake?

## Usuli

Mama A., mwenye watoto watatu, alikuwa anauza chakula kando ya saiti ya ujenzi kwa mwaka wa tatu. Banda lilikuwa la miti na mabati manne, mabenchi mawili na majiko matatu ya mkaa. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo alikuwa nacho, vile vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa 20,000, na kilimsaidia kutosumbuliwa na mgambo. Mumewe, Baba A., aliendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa mtindo wa hesabu, yaani kila siku ya kazi alimpelekea mwenye pikipiki 8,000 na kilichobaki kikawa chake. Walipanga vyumba viwili kwa 60,000 kwa mwezi, na kodi hulipwa ya miezi sita kwa mkupuo.

Kwa siku ya kawaida banda liliuza sahani 60. Arobaini zilikuwa wali maharage kwa 1,500, na ishirini ugali nyama kwa 2,500. Jumla ya mauzo ni 110,000.

Matumizi yake yalikuwa hivi. Mchele kilo 6 kwa 2,800 ni 16,800. Maharage kilo mbili na nusu, 7,500. Unga kilo 5, 9,000. Nyama kilo 2, 20,000. Mboga za majani 4,000. Nyanya, vitunguu na karoti 6,000. Mafuta lita moja 6,000. Chumvi na viungo 1,000. Hapo ni 70,300. Kisha yanakuja yale yasiyopungua hata wateja wakipungua: mkaa 7,000, maji madumu sita 3,000, ushuru 500 na binti wa kuosha vyombo 5,000. Jumla kuu 85,800, faida 24,200. Si biashara mbaya hata kidogo. Ukimuuliza Mama A. mwenyewe, alikuwa akijibu kwamba "inazunguka tu".

Upande wa mume, kwa siku alikusanya kama 27,000. Petroli ilikula 9,500, hesabu ya tajiri 8,000, chakula na michango ya kijiwe 1,500, oili na matengenezo madogo wastani wa 1,500. Alibaki na 6,500. Mtu wa nje angedhani mwenye chombo cha moto ndiye anayeingiza zaidi, na mtaani wote waliamini hivyo, mume na mke wakiwemo.

Kulikuwa na mgawanyo wa matumizi ambao hakuna aliyewahi kuutamka. Baba A. alilipa kodi ya nyumba, ada na michango ya shule, na matibabu makubwa. Mama A. alilipa sukari, sabuni, vocha, nauli za watoto, nyanya za jioni, daftari la shule lililojaa ghafla, mchango wa msiba. Cha baba hulipwa mara moja kwa noti nyekundu na kila mtu anakiona. Cha mama hutoka 500 hapa na 1,000 pale, na kufikia usiku hata yeye hakumbuki.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Kikundi cha Mama A., wanawake watano, kiliomba mkopo wa halmashauri katika mwaka wa fedha 2021/22. Ni ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, usio na riba. (Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, lakini mafunzo ya kisa hayabadiliki kwa hilo.) Andiko la kikundi lilisema fedha zitapanua biashara za chakula. Kwa Mama A. lilitaja jokofu la kuhifadhia nyama, jiko la gesi la plati mbili na akiba ya mchele. Fungu lake lilikuwa 2,000,000, na marejesho 12 ya kila mwezi ya 167,000, la mwisho likiwa pungufu kidogo.

Fedha ziliingia kwenye akaunti ya kikundi, zikatolewa, wakagawana taslimu. Wiki hiyo hiyo tajiri wa pikipiki alitangaza kuwa anaiuza kwa 1,500,000, na tayari mwendesha boda mwingine wa kijiwe alikuwa anaitaka. Kwa Baba A. hilo lilikuwa na maana moja: akiikosa, anakaa bila kazi mpaka apate tajiri mwingine.

Walizungumza usiku mmoja. Asubuhi pikipiki ilinunuliwa. Mapatano yalikuwa ya mdomo: ile 8,000 aliyokuwa akimpelekea tajiri sasa itakwenda kwenye marejesho. Kwa siku 26 za kazi ni 208,000, marejesho ni 167,000, inabaki 41,000 ya matengenezo. Kadi ya pikipiki ilihamishwa kwenda kwenye jina la mume.

Katika 500,000 iliyobaki, Mama A. alinunua gunia la mchele la kilo 100 kwa 250,000, masufuria mawili makubwa kwa 120,000, na 130,000 ikaishia kwenye viatu vya shule na madeni madogo dukani.

Miezi minne mambo yalikwenda kama walivyopanga. Mume alitoa 167,000 kila mwezi bila kuulizwa.

Mwezi wa tano injini ililia. Ilifunguliwa, pistoni na ringi zikabadilishwa, silinda ikachongwa. Gharama ilikuwa 280,000 na siku tisa bila kazi. Mume alitoa 60,000 na mke akajazia 107,000 kutoka kwenye kopo la banda. Mwezi wa sita mtoto wa mwisho alilazwa, banda likafungwa siku sita kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa wodini. Mume ndiyo kwanza alikuwa amerudi barabarani, akawa hana kitu. Marejesho yote yalitoka kwa mama. Mwezi huo huo awamu ya zege ilimalizika na mafundi wakahamishiwa saiti nyingine, wakiacha kwenye daftari deni la 187,000.

Mwezi wa saba Mama A. alikopa "kausha damu", 300,000 ya kurudisha kwa siku 30, kila siku 13,000, jumla 390,000. Alikatwa 10,000 ya fomu kabla hajaigusa. Dhamana ilikuwa televisheni, godoro na vyombo vya biashara. Alilipa marejesho ya halmashauri na kununulia mchele zile 123,000 zilizobaki. Gunia halikutosha tena, akarudi kununua kwa kilo dukani. Kwa wateja waliobaki, sahani zilishuka hadi 38 kwa siku.

Mwezi wa nane hakuwa na kitu. Wenzake wanne walimlipia, kila mmoja 41,750, na katibu wa kikundi akaitisha kikao.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu. Wanawake wa kikundi walitaka pikipiki iuzwe, mume akaona amevuliwa nguo mbele za watu, akaondoka. Kosa lilikuwa kumwita kama mtuhumiwa wakati yeye kwa miezi minne alikuwa ametimiza ahadi yake yote.

Cha pili kilifanyika nyumbani, na watu watano tu: mke, mume, katibu wa kikundi, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na baba mdogo wa mume. Huyo wa mwisho alichaguliwa kwa makusudi. Neno la kuhusu fedha za nyumba, likitoka upande wa mke, lingesikika kama mashitaka. Afisa aliomba jambo moja tu kabla ya maamuzi yoyote: kila mmoja aandike kila shilingi kwa siku 14. Aliyeshindwa kuandika, mtoto wa darasa la sita angemwandikia.

Siku 14 zilipoisha, daftari lilionyesha kwamba kopo la banda lilitoa wastani wa 11,300 kwa siku kwa matumizi ya nyumbani, mbali na sahani tano zilizotoka kwenye masufuria hayo hayo na kuliwa na familia, ambazo kwa bei ya chini ni 7,500. Kwa hiyo mama lishe aliyejiona "anazungusha tu" alikuwa analisha nyumba kwa 18,800 kila siku. Inasemekana baba mdogo ndiye aliyevunja ukimya: "Kumbe hapa anayelisha ni nani?"

Yaliyoamuliwa yalikuwa haya.

Kwanza, deni lilipasuliwa mara mbili. Pikipiki ilikuwa imechukua 1,500,000, na mume alikuwa amelipa 728,000. Hivyo pikipiki ilidaiwa 772,000. Kilichobaki kwenye mkopo wote kilikuwa 831,000 pamoja na deni la wenzake wanne, kwa hiyo sehemu ya banda ilikuwa 59,000 tu. Mume aliandika kwa mkono wake kwamba pikipiki inadaiwa na kikundi 772,000, atalipa 35,000 kila Jumamosi kwa wiki 22, na ya mwisho 37,000. Kwa nini wiki na si mwezi? Bodaboda hupata kila siku. Fedha ya siku 26 haiwezi kukaa mfukoni ikisubiri tarehe 30.

Pili, mama alijiwekea posho ya 8,000 kwa siku kutoka kwenye kopo, basi. Ikiisha, shida nyingine ya nyumbani inasubiri kesho au inakwenda kwa baba. Hili lilipingwa zaidi na mama mwenyewe. Aliona aibu kumwambia mtoto "hela ya banda si hela yangu".

Tatu, faida isilale nyumbani. Kila Jumamosi mchana, kabla ya kurudi, alipeleka fedha kwa mfanyabiashara wa mchele sokoni kama malipo ya sehemu ya gunia. Zikitimia anachukua gunia. Mchele hauwezi kukopwa na shemeji.

Nne, daftari la wateja lilipewa mpaka: hakuna anayezidi 10,000, malipo ni Jumamosi, na anayekula kwa deni lazima atajwe na msimamizi wake wa saiti. Msimamizi hakuwa mdhamini wa kisheria, ila alikubali kumjulisha mama siku tatu kabla kundi halijahamishwa.

Tano, apike chapati za jioni kwa ajili ya wapita njia, ili kuongeza mauzo. Hili lilikuwa pendekezo la afisa.

## Matokeo

Kausha damu iliisha mwezi wa tisa, kwa tabu. Mkopo wa halmashauri ulimalizika mwezi wa 14, miezi miwili baada ya muda wake. Mume aliruka wiki nne na akazilipa mwishoni. Sahani zilipanda hadi 55 kwa siku baada ya kundi jipya la mafundi wa kupiga ripu na vigae kuingia. Mchele sasa ulinunuliwa kwa gunia mfululizo, na kwa tofauti ya 300 kwa kila kilo hiyo ni 1,800 kwa siku iliyokuwa ikipotea dukani. Katika zile 187,000 za daftari, zilipatikana 64,000. Jokofu halikununuliwa. Chapati zilidumu siku kumi na moja.

## Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema haraka kwamba mume alikula mkopo wa mke. Hesabu haiungi mkono kauli hiyo. Pikipiki ya 1,500,000 iliondoa gharama ya 208,000 kwa mwezi, karibu asilimia 14 ya mtaji kila mwezi. Jokofu na jiko la gesi visingeweza kurudisha kiasi hicho kwa banda lenye wateja wale wale 60, kwani faida yake ingekuwa kununua nyama kwa bei ya jumla na kupunguza mkaa, labda elfu tatu au nne kwa siku. Kwa macho ya nyumba kama kitu kimoja, kununua pikipiki kulikuwa uamuzi wa busara kuliko andiko la mradi.

Shida ilikuwa kwingine. Kiswahili chetu kinaificha vizuri: deni lilikuwa kwa jina lake, pikipiki kwa jina lake. Ila "lake" hizo mbili si za mtu mmoja. Mke alibeba hatari yote ya mkopo, mume akabeba umiliki wote wa mali, na kati yao kulikuwa na ahadi ya mdomo ambayo haikusema lolote kuhusu injini kufa. Mkopo wa chombo kilichotumika kwa miaka mitatu usiopanga fungu la injini ni mkopo uliopangiwa kushindwa. Zile 41,000 za akiba kwa mwezi, kama zingewekwa kweli, kwa miezi minne zingefika 164,000, zaidi ya nusu ya gharama ya fundi. Hazikuwekwa popote.

Jambo hili limeonekana nje ya Dodoma. Sri Lanka, wafanyabiashara wadogo walipewa ruzuku ya rupia 10,000 au 20,000. Faida za wanaume zilipanda, za wanawake hazikupanda. Kwa miaka kadhaa matokeo hayo yalisomwa kana kwamba wanawake hawajui kutumia mtaji. Data hizo zilipochambuliwa upya pamoja na za India na Ghana, ilionekana kwamba mtaji wa mwanamke huishia kwenye biashara ya mume pale mume anapokuwa nayo, na kwamba mwanamke ambaye biashara yake ndiyo pekee nyumbani hupata faida sawa na mwanaume. Ghana, waliopewa vifaa na bidhaa badala ya taslimu walikuza biashara zaidi, hasa wanawake ambao tayari biashara zao zilikuwa na nguvu. Magharibi mwa Kenya, kwenye soko la Bumala, wanawake wa sokoni waliofunguliwa akaunti isiyo na riba na yenye ada ya kutoa fedha waliitumia na wakawekeza zaidi, wakati waendesha bodaboda za baiskeli hawakubadilika. Akaunti isiyolipa chochote inampa nini mama wa sokoni? Inampa mahali ambapo fedha haionekani ikiombwa. Gunia la Jumamosi lilifanya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu daftari la wateja, hapa ndipo tofauti ya mwanamke na mwanaume ilionekana wazi kuliko popote. Hatua thelathini kutoka kwa Mama A. alikuwepo kijana wa chipsi, na mbele yake mwanaume mwenye familia anayeuza supu ya asubuhi. Wateja walikuwa wale wale. Kwa kijana wa chipsi hakuna aliyekula kwa deni. Mtu akijaribu, anajibiwa "kesho" na wote wanacheka. Muuza supu aliwakopesha wasimamizi tu. Kwa Mama A., theluthi ya mauzo ya siku ilikwenda kwenye daftari. Fundi hamwambii kijana "sijala tangu jana", maana hilo si neno la kumwambia muuza chipsi. Humwambia mama. Jina lenyewe la kazi limeanza na "mama", na mama akikunyima chakula wewe hukosi tu sahani, yeye anaonekana ana roho mbaya. Mteja anajua hivyo, na Mama A. anajua kwamba mteja anajua. Mafunzo ya "kataa mikopo" yanayotolewa na wakufunzi hushindwa kwa sababu yanamtaka avunje jina ambalo ndilo linalomletea wateja. Mpaka wa 10,000 na sharti la kutajwa na msimamizi vilifanya kazi kwa kuwa vilimpa mtu wa tatu wa kumsingizia: "Si mimi, ni utaratibu na msimamizi wenu."

Yule wa supu ana funzo jingine. Yeye halipi mtu wa kuosha vyombo. Mkewe huamka naye, humenya viazi, huosha bakuli, na saa 3 asubuhi anarudi nyumbani, hana posho wala jina kwenye biashara. Mama A. alilipa 5,000 kwa siku kwa kazi hiyo hiyo, 130,000 kwa mwezi, kwa kuwa mume wake hawezi kuonekana akiosha sahani kando ya barabara. Ukilinganisha faida za mabanda haya mawili bila kuweka bei kwenye jasho la mke wa muuza supu, utasema mwanaume ni mjasiriamali bora. Kijana wa chipsi naye si mfano wa haki kabisa, kwa kuwa hana mtoto wa kulazwa.

Chapati za jioni zilishindwa kwa sababu hakuna aliyehesabu saa. Mama A. aliamka saa 10 alfajiri, saa 11 yuko sokoni, saa 12 moto umewaka, chakula hutoka saa 6 mchana hadi saa 8, vyombo na usafi hadi saa 10 jioni, halafu maji, chakula cha nyumbani, madaftari ya watoto, kulala saa 5 usiku. Mume alitoka saa 12 asubuhi akarudi saa 2 usiku, amechoka kweli, lakini akirudi amerudi. Chapati zilihitaji saa 10 hadi saa 2 usiku, muda ambao tayari ulikuwa umeuzwa nyumbani bila malipo. Siku ya kumi na moja mtoto alijiunguza na uji wakati yeye na dada yake wakipika peke yao, zikasimama hapo. Afisa alikuwa na nia njema, lakini aliongeza mlango kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Kausha damu inahitaji mstari wake. Kwa sahani 38, mauzo yalikuwa 70,000 na matumizi kama 60,600, kwa kuwa mkaa, maji, ushuru na binti havikupungua. Faida haikufika 10,000. Marejesho yalikuwa 13,000. Yaani siku ya kwanza ya mkopo alikuwa tayari ameshindwa, na tofauti ililipwa kwa kula mtaji wa mchele. Mkopeshaji alisema riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Ni zaidi. Kwa kuwa anarudisha kila siku, kwa wastani mkononi ana nusu tu ya fedha, 150,000, na juu ya hiyo analipa 90,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi. Wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu katika daraja la pili la huduma ndogo za fedha wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Aliyemkopesha Mama A. hakuwa na leseni wala kibao. Kabla hajafika huko, alikuwa na njia moja bora: kuwaambia wenzake mwezi wa tano badala ya wa nane. Hakusema kwa sababu angelazimika kueleza fedha zilikwenda wapi.

Na hapo upangaji wa mkopo wenyewe una lawama. Andiko liliulizwa kuhusu jokofu. Hakuna aliyeuliza mume anafanya kazi gani, chombo ni cha nani, na kama kuna kitu nyumbani kinachosubiri fedha. Swali hilo lingetoa pikipiki mezani siku ya kwanza. Je, mume atie saini kwenye fomu ya mkopo? Vikundi vingi siku hizi vinataka hivyo. Ni dawa yenye sumu: saini ya ridhaa inampa mume mamlaka ya kukataa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe bila kuomba ruhusa, huku ikimpa mume wajibu wa kumtunza mke. Bora zaidi ni hati ya deni. Mke akiamua fedha ziende kwenye chombo cha mume, mume aandike kwamba chombo kinadaiwa kiasi fulani, kwa wiki kiasi fulani, na kadi ikae kwa katibu wa kikundi mpaka deni liishe. Karatasi ya aina hiyo hushuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwa muda usiozidi asubuhi moja.

Katika kisa hiki kadi haikukaa kwa katibu. Baba A. alikubali kila kitu isipokuwa hicho, na kikao hakikulazimisha. Pengine hiyo ndiyo sababu ya zile wiki nne alizoruka, pengine siyo. Petroli ilikuwa imepanda pia.

Mwezi wa 15 Mama A. aliomba kwenye kikoba cha kikundi 400,000. Walimpa magunia mawili ya mchele wa kilo 80, risiti ya muuzaji na hakuna noti hata moja. Jokofu ameliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na pembeni yake ameandika bei.